Mguu wa Grafini

Karakanani walimwita Masizi, kwa kuwa hakuna siku aliyotoka pale na kucha safi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu bandia, na mguu uliomkosesha raha ulikuwa wa dada yake. Ule wa kwanza, kazi ya mikono yake mwenyewe, ulikatika kwenye kifundo dada akiwa katikati ya soko. Tangu hapo dada alikaa kitini karibu na dirisha, akasema mguu mwingine hataki kuusikia.

Masizi akageukia unga wa grafini: magamba meusi ya kaboni, membamba mno, ambayo ukiyatia kwenye gundi ya epoksi, ile inayogandishwa kuwa mguu, hukumbatiana yenyewe kwa yenyewe, gundi yakaisahau. Akayalowesha kwenye asidi, kisha kwenye dawa ya kuyaotesha vishikio, ili kila gamba liing'ang'anie gundi. Alipokuwa akikoroga aliyaona yakishuka polepole kama majani ya mti usio na shina, na dada yake akitembea juu ya majani hayo bila kishindo. Alipozinduka, kijiti kilikuwa kimegandia bakulini.

Jirani yake wa meza, fundi wa mikono bandia, alimwambia akizidi kuota hivyo atajigandisha mwenyewe, nao watamtundika ukutani kama saa.

Kosa la Masizi lilikuwa mapenzi. Unga kidogo ulitosha. Yeye akaongeza, na roho haikutulia, akaongeza tena. Siku ya kupima, dada alikuja shingo upande. Mashine ikakibonyeza kibao kilichotoka kwenye mchanganyiko uleule wa mguu, nacho kikapasuka kwa mstari mmoja ulionyooka. Ndani palijaa vibonge vyeusi vya unga ulioshikamana.

Masizi hakujua pa kuuweka uso. Dada akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mdogo wangu, humu umejaza woga wako."

"Nilitaka mguu usivunjike tena, dada."

"Basi ndivyo unavyouvunja. Punguza."

Fundi wa mikono akanong'ona kwamba karakana imepata mkaguzi, tena mkali.

Safari hii Masizi alitia unga kiduchu, akakoroga mpaka gundi ikawa nyeusi tupu, laini kama usingizi wa mchana. Kibao kipya kikapinda, kikapinda zaidi. Nyufa ndogo zilianza safari, zikagonga magamba, zikakata kona, zikapotea njia humo ndani kama wageni mjini. Hakikukatika.

Dada hakuuliza vipimo. Aliuomba mguu mpya, akaufunga mikanda mwenyewe, akasimama. Masizi akanyoosha mikono kumdaka.

"Ondoa mikono hiyo."

Akaiondoa. Dada akapita mbele yake, akatoka uani kwenye jua, akizungumza peke yake na kucheka. Masizi alibaki mlangoni, mikono mgongoni, mmoja ukiushikilia mwenzake usimfuate.