Sakafu ya Inchi Sita

Baba yangu, Verlin Hostetter, alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko sala ya chakula: "Pima tena." Nikiwa na miaka tisa, nilipokata mbao za kibanda cha mbwa, nipime tena. Nilipoleta nyumbani cheti changu cha ukaguzi wa kiwandani, kazi ambayo mtu hulipwa kwa kupima vyuma kutwa nzima, alikisoma, akanirudishia, akauliza kama na chenyewe kimepimwa. Sikuwahi kumsikia akisema nimepima sawa. Nina miaka hamsini na miwili na jambo hilo lilikuwa bado linaniuma, na nisingeumwa hivyo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Mama alipofariki, miaka minne iliyopita, Baba aliniachia nyumba hii nje ya mji wa Findlay, akahamia kijumba karibu na kanisa. Lakini kila Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa anaingia uani na boksi la donati mkononi. Tulikuwa na pikapu ya mwaka sitini na nane tuliyokuwa tunaifufua polepole. Tuliifanyia kazi tumelala chali juu ya kadibodi, tukipitishiana spana. Mimi na Baba tukisimama ana kwa ana hatuna la kusema. Chini ya gari, macho yote yakitazama giaboksi, tulikuwa tunaongea: kuhusu Mama, kuhusu talaka yangu, hata kuhusu kufa. Sikuwa na mahali pengine pa kuongea hivyo.

Januari magoti yake yalikataa. Nilimvuta kwa miguu kutoka chini ya gari kama gunia la viazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye stuli, akanipitishia spana kutoka juu, na hatukuongea chochote. Hapo ndipo nilipoamua kununua lifti ya kuinulia gari. Gari likiwa juu, mzee angesimama chini yake kwa miguu yake miwili, nami kando yake.

Kuna lifti za nguzo mbili na za nguzo nne. Nilisoma miezi mitatu. Nilipima dari, nikapima mlango, nikajaza daftari zima. Baba hakuhitaji daftari.

"Chukua ya nguzo nne," alisema. "Unaipanda kama daraja, unainua, basi."

"Hiyo inabeba gari kwa magurudumu yake, Baba. Nikitaka kutoa gurudumu je?"

"Utatafuta jeki. Hizo za nguzo mbili zinashikwa na bolti tu. Nisimame chini ya tani mbili zilizoshikwa na bolti?"

"Bolti zinashikwa na zege. Kitabu kinataka zege la inchi nne. Wewe ulimwaga sita. Au siyo?"

Baba alikoroga kahawa yake. Haikuwa na sukari wala maziwa, lakini aliikoroga.

"Sita," alisema.

Hiyo sakafu ya inchi sita ya gereji yetu ilikuwa inajulikana kata nzima. Aliimwaga mwenyewe mwaka themanini na saba, na tangu hapo hapakuwa na harusi wala msiba ambapo hakuitaja. Tetemeko likija, alikuwa anasema, Ohio yote itaondoka na gereji yangu itabaki. Mama alikuwa akimtania kwamba angeweza kuioa hiyo sakafu.

Mara mbili niliikuta mezani kwangu karatasi ya matangazo ya lifti ya nguzo nne, imekunjwa vizuri, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Mara ya pili nilimpigia simu.

"Hivi nguzo nne zina nini, Baba?"

"Magoti yangu yanazipenda."

"Magoti yako yamesomea uhandisi?"

Akacheka, nami nikacheka. Kesho yake niliagiza ya nguzo mbili. Leo nikikumbuka ile karatasi chini ya kikombe natamani kujizaba kofi. Mzee alikuwa ananiomba, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nilidhani tunabishana.

Lifti ilifika Jumatano, nikawaalika watu wawili waje Jumamosi kusaidia kusimamisha nguzo: Denny, tunayefanya naye kazi kiwandani, na Rollie, jirani yangu mkulima. Alhamisi, nikiwa peke yangu, nilifanya ambacho mkaguzi yeyote angefanya. Nilisogeza friza la nyama pembeni, nikatoboa tundu la majaribio sakafuni, karibu kabisa na ukuta, mahali ambapo hapaonekani. Drili ilizama mapema mno. Nikaingiza waya wenye ndoano, nikapima. Inchi mbili na nusu.

Nilikaa juu ya friza kwa muda mrefu. Ningeweza kumpigia simu nikamwambia, Baba, nimefikiri upya, narudisha hii, nachukua ya nguzo nne. Angesema vizuri, na ingekuwa siri ya watu wawili ambayo hata mmoja wetu asingeitaja. Nilikuwa na Alhamisi yote na Ijumaa yote ya kupiga simu hiyo. Sikupiga. Nilirudisha friza mahali pake, nikawa na furaha chafu moyoni, na kumbe nilikuwa najichimbia shimo mwenyewe.

Jumamosi walikuja wote. Baba alishuka na donati, akaziona nguzo zimelala uani, akaniita.

"Curt, njoo hapa nje kidogo."

"Sema tu, Baba. Hapa hakuna mgeni."

Aliwatazama Denny na Rollie, akatazama boksi lake. "Nilitaka tu... si lazima leo. Mvua inaweza kunyesha."

"Tunafanyia ndani, Mzee Verlin," Denny alisema, mdomo umejaa donati. "Au ile sakafu maarufu inaogopa maji?"

Rollie alicheka. Baba naye alitabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu anayetafuta mlango. Nililiona. Nilichukua drili, nikapiga magoti katikati ya sakafu, alama ya chaki ilipokuwa, nikatoboa. Wote wakainama kutazama. Drili ikazama.

"Ah," Rollie alisema.

Nilitumbukiza waya, nikautoa, nikauweka kwenye futi. Kisha sikusoma. Nilimnyooshea Baba waya na futi.

"Soma wewe, Baba."

Alivaa miwani yake. "Mbili na nusu," alisema.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini mimi sikujikwaa. Maneno hayo niliyaandaa tangu Alhamisi.

"Pima tena," nilisema.

Denny alicheka kwa sauti, kisha akakatiza katikati. Baba alipima tena. Kweli alipima, ameinama juu ya lile tundu, mzee wa miaka themanini na moja, magoti yote mawili sakafuni. Akasema tena, "Mbili na nusu." Rollie ndiye aliyemsaidia kuinuka. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Alijifuta vumbi la zege kwenye suruali, akasema amekumbuka kitu mjini, akaondoka. Donati zilibaki nusu boksi.

"Hapo umezidi, bwana," Denny aliniambia.

Jumatatu nilikwenda kwa Shangazi Lorna, dada yake Baba, anayeishi maili mbili kutoka kwangu. Nilikwenda kulalamika, si kujuta. Majuto yalikuwa bado njiani. Nilimsimulia kwamba kaka yake ametudanganya miaka yote hiyo. Aliniacha nimalize. Kisha akanyanyua fimbo yake ya kutembelea, akaelekeza nje ya dirisha.

"Ile unaiona?"

Ulikuwa ule mteremko wa zege unaopanda kutoka barabarani mpaka mlango wake, futi thelathini, mnene kama ukuta wa bwawa. Nilikuwa nimeupanda mara elfu bila kuuliza ulitoka wapi.

"Bibi yako alipopooza hospitali walitaka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee," alisema. "Nilitaka nimchukue mimi, lakini kwangu kulikuwa na ngazi, kiti cha magurudumu hakipiti. Wiki hiyohiyo lori la zege la baba yako likawa linakuja. Lori moja, limepimwa kamili kwa ajili ya gereji yenu. Baba yako alilisimamisha barabarani, akamwambia dereva, anza kwa dada yangu. Kilichobaki ndicho alichokutandazieni nyinyi."

"Kwa nini hakusema?"

"Amwambie nani? Mama yako alikuwa ameingoja sakafu hiyo miaka minne, na yeye na bibi yako walikuwa hawasalimiani. Akasema sita. Ukishasema sita mbele ya mkeo, mwanangu, utarudije kwenye mbili?"

"Mama amekufa miaka minne sasa."

"Ndiyo," Shangazi alisema. "Na huyo mzee bado anamtunzia zile inchi sita."

Niliirekebisha sakafu. Nilikata mashimo mawili ya mraba kwa msumeno wa zege, nikamwaga mpya, inchi kumi na mbili, nikangoja siku ishirini na nane kama kitabu kinavyotaka. Lifti ilisimama wima bila dosari. Inapanda kimya, na chini yake mtu mrefu kama Baba anasimama bila hata kuinamisha kichwa. Nilimpigia simu Jumamosi nne. Mara ana shughuli kanisani, mara magoti, mara baridi, na ulikuwa mwezi wa Juni.

Mwishowe nilimfuata. Nilimkuta uani kwake anaosha kioo cha pikapu yake ya kutembelea. Niliandaa maneno tangu nyumbani, kama nilivyoandaa yale mengine, ila haya yalikuwa magumu zaidi kutoka.

"Baba, Shangazi ameniambia kuhusu zege."

"Lorna anaongea sana."

"Nisamehe. Nilijua tangu Alhamisi. Nilikuwa nimeshatoboa nyuma ya friza."

Hakuacha kufuta. "Najua," alisema. "Niliona friza limeacha mikwaruzo sakafuni."

Kumbe alijua nimejua, na bado alipiga magoti akapima.

"Lete pikapu Jumamosi," nilimwambia. "Oili yake imefika wakati. Tutaifanya tumesimama."

Alisogeza kitambaa mpaka kona ya juu ya kioo, akakipitisha kwa uangalifu kando ya stika ndogo nyeupe. Ni ile wanayokubandikia kwenye gereji za kubadilisha oili haraka, zile za barabara kuu, unakaa ndani ya gari na kijana anakufanyia. Baba yangu hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kugusa oili yake tangu aanze kuendesha. Maisha yangu yote aliwacheka wanaokwenda huko. Stika ilikuwa na tarehe: Jumamosi iliyofuata ile niliyompigisha magoti.

Aliona ninakotazama. Alikunja kitambaa, akakiweka juu ya boneti.

"Ulipima sawa, Curt," alisema, kwa upole, bila kinyongo chochote. "Ilikuwa mbili na nusu."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa kahawa kabla ya kurudi, na tukanywa, tumekaa tukitazamana, na hatukuwa na la kusema.