Vidonge vya Kugawana

Kwa miaka arobaini Wagih alishona kanzu mjini Tanta, Misri, na hakuwahi kukata kitambaa bila kujua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Saratani ya tezi dume ndiyo iliyomfundisha kutojua. Ilimpata mwaka mmoja na jirani yake Bekhit, muuza halua, na wote wawili wakaingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya. Kila mmoja alipewa chupa yake. Huenda ina dawa, huenda ina unga mtupu uliofinyangwa kidonge, na hata Daktari Nermin hakujua ya nani ni ipi. Alisema ndivyo inavyotakiwa. Wagih aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alijiuliza ni elimu gani hii ambayo mwenye nayo anajivunia kutojua.

Mwezi wa pili Bekhit akaanza kutokwa jasho katikati ya baridi ya Januari, jasho lile ambalo daktari alionya kwamba huletwa na dawa ya kweli. Pale mkahawani, kwenye tawla, mchezo wao wa kete na dado, alivua shali akajipepea kwa gazeti. Wagih alingoja jasho lake, wapi. Akajua, au alidhani anajua, kwamba yeye anameza chokaa. Hakulalamika, ila alifungwa mara tatu mfululizo na mtu asiyejua kurusha dado.

"Lete chupa yako, fundi," Bekhit akamwambia. "Nipone peke yangu, nicheze na nani?"

Wakamimina chupa zote mbili juu ya ubao wa tawla, wakavikoroga vidonge kwa kiganja, wakagawana kimoja kimoja. Vilifanana vyote. Kila mwezi walifanya hivyo, wala hawakuwaambia wake zao.

Na sasa walikuwa mbele ya Daktari Nermin, pamoja, maana Bekhit aligoma kuingia peke yake. Vipimo vya damu ya Wagih vilionyesha ugonjwa umetulia. Saratani ya Bekhit ilikuwa imefika kwenye nyonga, kwa hiyo siri ya chupa yake ilikuwa imefunguliwa: alikuwa akipewa dawa ya kweli. Daktari akasema kwa upole kwamba basi haikumfaa, wataiacha.

Wagih akachanganyikiwa kabisa. Kama haikumfaa Bekhit, mbona imemfaa yeye? Au ilishindwa kwa kuwa ilikuwa nusu? Au chupa zote zilikuwa na dawa, wakakoroga bure? Akisema, watamtoa kwenye utafiti, na dawa ataikosa. Asiposema, Bekhit ananyang'anywa dawa ambayo hajawahi kuinywa sawasawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kuhusu mficha dawa hawakusema lolote.

Chini ya meza kiatu cha Bekhit kikamgonga mguu. Anyamaze.

"Daktari," Wagih akasema, "dawa haijamshinda. Alikunywa nusu. Nusu nyingine nimekunywa mimi."

Daktari akaweka kalamu chini. Bekhit akajifunika uso kwa shali.

"Mjinga wewe," akasema. "Sasa mimi nitacheza na nani?"