Nyayo za Vendelín

Jumatatu ya pili ya Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Filoména Hrušková alitoka na beleshi kuondoa theluji mlangoni, akakuta mumewe ameshapita. Nyayo zilianzia chini ya kibaraza, zikavuka ua, zikapita getini bila geti kufunguliwa, zikashika barabara. Zilikuwa nyayo za buti, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, kwa sababu Vendelín alitembea hivyo tangu ujana wake.

Filoména akarudi ndani. Vendelín alikuwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu kuanzia gotini, tangu siku alipoanguka akitundika taa za Krismasi kwenye jengo la zimamoto. Buti zake zilikuwa nyuma ya jiko, kavu, na paka amezilalia.

"Ulitoka?" akamuuliza.

"Na mguu huu? Nitokee wapi, dirishani?"

"Nyayo zako ziko nje."

Vendelín akafikiri kidogo. "Za kwenda au za kurudi?"

"Za kwenda tu."

"Basi niwekee chai," akasema, "maana inaonekana bado sijarudi."

Filoména akamwekea chai. Kisha akajifunga shali akazifuata. Nyayo zilipita uwanja wa shule, ambako wazimamoto walikuwa wakimwaga maji yagande watoto wapate pa kuteleza. Zikapita kanisani. Zikapita kwa Hermína Kubalová, aliyekuwa akinyunyiza majivu njiani kwake, naye akasema, "Vendo kawahi kuamka leo," akaendelea na majivu yake. Zikashuka hadi nyumba ya mwisho, chini ya kiwanda cha mbao, kwa Otília Brezinová.

Otília alikuwa mshonaji. Hakuwahi kuolewa. Mavazi yote ya ngoma ya kabla ya Kwaresima hapo mjini Zábrodie yalipita kwenye cherehani yake: ya dubu, ya mbuzi, ya bwana harusi wa nyasi. Nyayo ziliingia uani kwake, zikazunguka kisima, zikakoma chini ya dirisha la jikoni. Hapo zilikuwa mbili sambamba, vidole vikielekea kioo, zimezama sana, kama za mtu aliyesimama kwa muda mrefu. Hakukuwa na za kurudi.

Filoména alisimama kando yake. Wivu ulimpanda kutoka miguuni, polepole, kama baridi inavyompanda mtu anayesubiri basi. Akazifuta kwa kiatu, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni kwake mwenyewe. Ilimchukua nusu saa na zaidi. Kesho yake asubuhi zilikuwepo tena, na keshokutwa pia.

Wiki haikuisha kabla mji mzima haujajua. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje. Waliuliza tu kama njia ile inapitika, kwa sababu trekta la kuondoa theluji halikuwa likifika huku chini, na wazee walikuwa na shida ya kupanda kanisani. Ikaonekana inapitika vizuri. Siku ya Ijumaa vipaza sauti vya mji vilipiga kwanza muziki wa tarumbeta, kama kawaida, kisha karani akasoma matangazo: nguruwe wa zimamoto atachinjwa Jumamosi, kila mtu aje na chungu chake cha supu, daktari wa meno hatakuja, na wanaotumia nyayo za ndugu Vendelín Hruška wapite upande wa kulia, wasizivuruge, maana zinawasaidia wazee.

Filoména alikuwa akimenya viazi. Alisikia jina la mumewe likitoka juu ya nguzo, likifuatwa na jina la mtaa wa Otília, na kisu kikamponyoka.

"Umejikata?" Vendelín akauliza kutoka chumbani.

"Sijajikata. Wewe unamwendea nani kule?"

"Mimi? Niko hapa tangu mwezi wa kumi na mbili. Si unanifuta hata makombo ya mkate kifuani."

"Miguu yako inamwendea."

"Nimeiambia," akasema Vendelín kwa unyonge, kama mtu anayeomba radhi kwa kukoroma kwake. "Haisikii."

Jumapili, baada ya misa, Filoména alichukua zile buti akazitia ndani ya jiko. Ziliwaka mchana kutwa, na nyumba nzima ikanuka ngozi. Vendelín alikuwa amekaa akichonga miiko, mguu wake uko juu ya kigoda. Alitazama moshi.

"Zilikuwa bado nzima," akasema.

"Zilikuwa na tabia ya kutokatoka."

Jumatatu nyayo zilikuwa za miguu mitupu. Filoména aliinama kuzitazama akaona kidole cha pili cha mguu wa kushoto kimelala juu ya kidole gumba. Kidole kile, kwa miaka thelathini na moja, alikuwa akiamini duniani anakijua yeye peke yake na marehemu mama mkwe. Sasa kilikuwa kimepigwa chapa kuanzia mtaa wa juu hadi wa chini. Watu waliotoka kununua mkate walikuwa wakikipita. Na chini ya dirisha la Otília kilikuwepo pia, kimekaa vizuri.

Lawama zikamrudia Filoména.

"Mwanamke gani anamwacha mume atembee pekupeku mwezi wa Januari?" wakasema kwenye foleni ya mkate, kwa sauti ya kusikika. Hermína Kubalová, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alifuma jozi ya soksi nene akaziacha kwenye kizingiti cha akina Hruška. Asubuhi iliyofuata zilikuwa zimekwenda.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Hermína kuchambua manyoya. Mjukuu wake angeolewa baada ya Pasaka, na bibi harusi hawezi kwenda kwa watu bila mfarishi wa manyoya ya bata bukini. Wanawake kumi na mmoja walikaa kuizunguka meza baada ya chakula cha mchana, mbele yao kilima cheupe, wakiyavua manyoya vijiti vyake. Sheria ya kazi hiyo wanaijua wote: hupigi chafya, hucheki kwa nguvu, hufungui mlango. Otília alikuwa upande wa pili wa meza, kichwa ameinamisha, vidole vyake vyepesi kuliko vya wote. Filoména aliona hata hilo likimuuma.

"Angalau wako anatembea, Filo," akasema mke wa mchinjaji. "Wangu ukimwacha kwenye kiti Jumatatu, Ijumaa unamkuta na vumbi."

"Vendo akitaka nitamwazima barabara ya kwangu," mwingine akasema.

Wakacheka kwa pua, midomo imefungwa.

Filoména hakucheka. "Mwenzangu," akamwambia Otília, "unampa nini pale dirishani hata hachoki?"

"Simpi kitu," Otília akajibu bila kuinua kichwa. "Hajaomba."

"Kwa hiyo anakuja kuangalia maua yako ya dirishani?"

"Labda. Yamechanua vizuri mwaka huu."

"Jamani, pumzi!" Hermína akawaonya. "Mnapeperusha!"

Filoména aliinuka, akasogeza kiti chake taratibu mahali pake, akaenda akafungua mlango wazi kabisa. Upepo ukaingia. Kilima cha manyoya kikanyanyuka mezani chote kwa pamoja, kikagusa dari, kikakaa huko kwa muda, kisha kikaanza kushuka. Sakafu ikawa nyeupe. Wanawake walikaa mikono mapajani, wakingoja yatue.

Yalipotua, nyayo zikaingia. Zilipita kizingitini karibu kabisa na Filoména, hata akanyanyua sketi yake kuzipisha. Zilikuwa za soksi. Ungeweza kusoma ufumaji wa Hermína katika kila unyayo. Zikaizunguka meza, zikampita mke wa mchinjaji, zikasimama mbele ya kiti cha Otília, mbili sambamba.

Otília akarudisha miguu yake nyuma kidogo, kama mtu anavyompisha jamaa kwenye benchi.

"Funga mlango, Filo," akasema Hermína. "Tuyaokote kabla hayajapata unyevu."

Wakapiga magoti wote wakayaokota. Yaliyokuwa na nyayo waliyaacha mpaka mwisho. Filoména aliokota pamoja nao, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuwaza mlango wala manyoya. Aliwaza ile miguu ya Otília ilivyorudi nyuma kidogo. Kama ingekataa, kama ingepiga teke, angelala usingizi.

Alivumilia siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, saa nane mchana, alichukua ngozi ya kondoo iliyokuwa darini, akashuka nayo hadi nyumba ya mwisho.

"Nimekuletea ya kuongezea dubu," akasema mlangoni. "Nasikia wa mwaka jana amenyonyoka mgongo."

"Amenyonyoka kweli. Karibu jikoni, dada."

Otília alimpa chai. Dubu alikuwa amelala mezani, mdomo wazi. Nje theluji mpya ilianza kuanguka, nzito, na wanawake wawili wakakaa wakilitazama dirisha, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama. Baada ya muda nyayo zikaingia uani. Zilikuja bila haraka, moja, nyingine, zikazunguka kisima, zikasimama chini ya kioo. Theluji iliendelea kuanguka lakini haikuzijaza.

"Leo kachelewa," Otília akasema.

Filoména akaweka kikombe mezani. "Unapanga naye saa?"

"Sipangi. Nimezoea tu." Otília aliuvuta mkia wa dubu akaanza kuushona. "Nikuambie ukweli, mwanzoni nilikasirika. Nikasema, huyu mtu miaka yote hajanitazama, leo ananiletea miguu. Unajua alipokuwa jeshini aliniandikia? Aliuliza kama nitakubali kuolewa naye."

"Sikujua," akasema Filoména.

"Nilimjibu siku hiyohiyo. Yeye hakuandika tena. Aliporudi alipita kanisani mbele yangu kama anapita mbele ya nguzo. Nami sikumuuliza. Ulimi wangu ulikuwa na kiburi wakati ule. Majira ya baridi yaliyofuata mkafunga ndoa." Alikata uzi kwa meno. "Anasimama pale kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Sasa nimwambie neno gani, na nilishaliandika?"

Filoména alikoroga chai yake.

"Wewe ulikuwa posta wakati ule, Filo. Barua zilikuwa zinapotea?"

Filoména alikuwa na miaka ishirini na miwili wakati ule. Alikuwa akipanga barua kwenye chumba cha nyuma, na mwandiko wa Otília aliujua kama anavyoujua wake, kutoka kwenye vikaratasi vya vipimo vya nguo. Aliishikilia bahasha juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikaachia. Ilikuwa barua fupi. Ilisema ndiyo. Chini yake Otília alimwomba Vendelín amletee uzi wa buluu, kwa kuwa hapa mjini ulikuwa umekwisha. Filoména aliisoma mara mbili, akaitia kwenye jiko la posta, na maji ya birika lile akanywea chai. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe alimwandikia Vendelín, habari za hali ya hewa.

Angeweza kusema sasa. Jikoni walikuwa wao wawili na dubu. Alimtazama Otília, shingo yake nyembamba, mvi zake alizozibana vizuri, akatafuta huruma moyoni mwake, akakuta bado ni ule ule wivu wa msichana wa miaka ishirini na miwili, haujapungua hata kidogo.

"Mwaka ule treni zilikwama sana kwenye theluji," akasema.

"Ni kweli," Otília akasema. "Zilikwama sana." Akainua sindano kwenye mwanga kutunga uzi mwingine.

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, daktari alimkata Vendelín plasta. Mchana wakapita watu wa ngoma na kinanda cha mkono na tarumbeta, mlango kwa mlango. Dubu mwaka huo alikuwa mwalimu wa hesabu. Alicheza na kila mama wa nyumba mpaka theluji ya uani ikageuka tope, maana dubu akicheza vizuri kitani hurefuka shambani, na kila nyumba ikatoa soseji na maandazi ya jamu na kijiglasi cha pombe ya plamu. Desturi ni kwamba nyumba ya mwisho ndiyo ya kula na kukaa, na nyumba ya mwisho ilikuwa ya Otília.

"Twende," akasema Vendelín, ameshika fimbo. Miguuni alikuwa na buti mpya. "Wataniona mgeni nisipokwenda."

Wakashuka wakiwa wameshikana mikono, nyuma kidogo ya msafara. Hawakupita barabarani palipokanyagwa na watu, kwa kuwa palikuwa panateleza, bali pembeni, kwenye theluji safi ya usiku uliopita. Vendelín alitembea kwa shida na kwa furaha. Walipofika kanisani akasimama kupumzika.

"Filo, sijui miguu hii inatafuta nini kule," akasema. "Mimi sina neno naye. Mwenyewe hakunitaka. Nilimwandikia wakati niko jeshini, barua ya heshima kabisa, hakunijibu hata mstari mmoja."

Filoména alisikia kinanda huko chini na watu wakimpigia dubu makofi. Mkono wa mumewe ulikuwa na joto.

"Ya zamani hayo," akamwambia.

"Ya zamani," Vendelín akakubali. "Mimi nimepata wangu." Akamkaza mkono, wakaendelea.

Getini kwa Otília wazee waliwapisha. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Otília mwenyewe alikuwa kizingitini na sinia la maandazi, mashavu mekundu kwa kucheza. Chini ya dirisha nyayo za soksi zilikuwa mahali pake, na watu walikuwa wameziwekea vijiti vinne na kamba kuzizunguka ili ngoma isizikanyage.

Filoména aligeuka nyuma kutazama walikotoka. Kuanzia getini hadi kanisani, theluji ya pembeni ilikuwa na mstari mmoja tu wa nyayo, za viatu vya kike, na kando yake vishimo vidogo vya fimbo. Pale Vendelín alipokuwa akitembea palikuwa laini kabisa. Akashusha macho. Vendelín alikuwa amesimama ubavuni mwake, mtu mzima wa kilo tisini, na theluji chini ya buti zake mpya haikuwa imebonyea.

"Unatafuta nini?" akamuuliza.

"Sitafuti kitu," Filoména akasema. "Ingia, maandazi yanapoa."