Mawe Arobaini na Moja ya Barabara ya Lami

Wiki ya sita baada ya kumzika binti yake, fundi aliliteremsha gari la zamani kutoka juu ya matofali, akafagia manyoya ya kuku kwenye kiti cha nyuma, kisha akakaa juu ya dumu na kipande cha boksi magotini. Akaandika kwa herufi kubwa: GARI LA KUPANDA MAWE. Akapiga mstari chini yake, akaanza kuchora.

Lilikuwa gari pana la kuvuta kwa magurudumu yote manne, aliloachiwa na mteja aliyechoka nalo. Lilikuwa limekaa kwenye kona ya karakana miaka tisa. Katika miaka hiyo fundi aliyafufua magari ya watu wote mjini isipokuwa hilo. Wateja walimwita Fundi Kesho, na jina likamkaa kama kofia. Binti yake, tangu aolewe kule juu mlimani, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kabla ya kukata aliuliza, "Baba, na lile gari letu?" Fundi alijibu neno lake lile lile, na wote wawili wakacheka.

Mpango ulikuwa mzuri. Bodi ipandishwe juu. Bampa la mbele likatwe ili pua isigonge. Difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili, iungwe, ili tairi moja ikining'inia hewani nyingine iendelee kusukuma. Chini ya injini ifungwe sahani nene ya chuma. Lakini kupandisha bodi kiasi gani, na tairi za ukubwa gani, hakuweza kujua bila kuyapima mawe ya barabara ya mlimani, na barabara hiyo ilikuwa kilomita sita za mawe matupu. Alijaribu kwenda mara mbili. Mara zote mbili miguu ilimgomea kwenye kona ya kwanza, akarudi na futi yake ya kupimia mfukoni.

Asubuhi baada ya jaribio la pili jiwe la kwanza lilikuwa getini.

Lilikuwa la kijivu, limefika kifuani, na lilikuwa na alama ya rangi ya gari la wagonjwa lililowahi kulijaribu likashindwa. Fundi alilitambua. Alifungua geti upande wa pili, jiwe likaingia, likatulia karibu na pipa la oili chafu. Akalipima urefu, upana na mteremko wa uso wake, akaandika. Jioni lilipoondoka alilifungulia geti tena. Kesho yake likaja la pili.

Yalikuja kwa mpangilio, kuanzia la chini kwenda la juu, moja kila siku isipokuwa Jumapili. Mtaani hakukuwa na maneno mengi, ila fundi cherehani wa jirani alilalamika mara moja kwamba jiwe la tisa lilikuwa limemzibia mlango.

"Liambie lisogee kidogo, nina wateja."

"Limesikia," alisema fundi, na kweli likasogea.

Jirani aliliangalia jiwe. "Sasa kama yanaweza kutembea, si yabaki tu huku chini? Barabara ibaki wazi."

"Kuhama si kazi yao," alisema fundi. "Kuna watu wameajiriwa kwa kazi hiyo."

Mkewe, ambaye alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na hata nyumbani aliitwa Mwalimu, hakukanyaga karakana wakati huo wote. Alimpelekea mumewe chai mpaka kwenye kizingiti, akaweka kikombe chini, akageuka. Siku ya jiwe la kumi na tano alisimama.

"Unamtengenezea nani, mzee?"

Fundi alizima grenda ya kukatia chuma. "Mkwe anasema kule juu kuna wajawazito watatu."

"Mimi nimekuuliza unamtengenezea nani."

Fundi aliwasha grenda tena. Mwalimu alikaa kizingitini hadi chai ikapoa, kisha akarudi nayo ndani.

Jiwe la ishirini na saba, lile ambalo binti yao alikalishwa mara ya mwisho, wote wawili walijua litakuja siku gani. Fundi alikuwa amehesabu, na Mwalimu alikuwa amehesabu, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Alhamisi hiyo fundi aliamka akanyoa ndevu. Mwalimu alivaa gauni lake la kwenda mikutano. Walipofungua geti jiwe lilikuwa limeshafika, pana, limebonyea juu kama kiti, na nyuma yake alikuwa amesimama mkwe wao, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Mwalimu. "Umetembea njia yote hii?"

"Niliona linaondoka. Nikasema nisiliache lije peke yake."

Wakaliingiza ndani. Mwalimu, ambaye kwa wiki nyingi hakuwa amevuka kile kizingiti, alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye ule ubonyeo, kisha akakaa. Lilimtosha. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida, "Alisema nini?"

Jiwe halikujibu, kwa kuwa ni jiwe. Alijibu mkwe.

"Tulikuwa tumembeba kwenye blanketi tangu alfajiri, watu sita, tukipokezana. Hapo akasema tumshushe kidogo apumzike, mgongo unamuuma. Tukamkalisha. Akaangalia chini bondeni, akaniuliza, 'Gari la baba limewaka?'"

Fundi alikuwa na futi mkononi. Aliirudisha polepole mpaka ikajikunja yote.

"Ukamwambia nini?" aliuliza.

"Nikamwambia limewaka, yuko njiani. Nisamehe, baba."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nilijua tu.' Akafumba macho. Hakuyafumbua tena. Na mtoto naye akatulia."

Fundi cherehani wa jirani alisimamisha mashine yake, ingawa alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Mwalimu alikaa pale asubuhi yote, na jiwe nalo lilivumilia. Ilipofika saa saba mchana alinyanyuka, akapangusa gauni lake, akachukua kile kipande cha boksi chenye vipimo mikononi mwa mumewe.

"Mwandiko wako hausomeki," alisema. "Pima. Mimi nitaandika."

Fundi akapima. Akarudia mara tatu. Mwalimu akaandika sentimita tisini na nne kwa mwandiko wa ubaoni, safi, wa kusomwa hata na aliyekaa nyuma. Jioni mkwe aliondoka pamoja na jiwe, wakapanda taratibu, yeye akiwa mbele.

Kuanzia siku hiyo walifanya kazi wawili. Mwalimu alijifunza kutofautisha spana namba kumi na mbili na namba kumi na tatu kwa kuzishika tu, na akamkaripia mumewe kila alipokata chuma bila miwani.

Siku ya jiwe la thelathini na tatu alikuja afisa wa barabara, mtu mpole mwenye faili. Kwa kuwa viti vilikuwa na grisi, alikaa juu ya jiwe ili ajaze fomu.

"Tumepata taarifa kwamba mnahifadhi mawe."

"Hatuyahifadhi," alisema Mwalimu. "Yanakuja kupimwa, yanarudi."

"Yanatoka wapi?"

"Barabara ya mlimani."

Afisa alipekua faili, akaonyesha karatasi yenye mihuri mitatu. "Barabara ya mlimani ni ya lami, mama. Ilikamilika miaka kumi na moja iliyopita. Hapa imeandikwa hata mitaro."

"Hilo ulilokalia ni la thelathini na tatu."

Afisa aliangalia chini, akaligonga kidogo kwa kalamu. "Hili halimo kwenye kumbukumbu," alisema bila ubaya. Akamaliza kujaza, akashukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka.

Jiwe la arobaini na moja, la mwisho, lilipokwisha kupimwa, gari nalo lilikuwa karibu kuisha. Lilikuwa limesimama juu ya tairi zinazofika kiunoni, bila bampa, springi zimepinda kama migongo ya paka, viti vya nyuma vimeng'olewa na godoro limetandikwa. Halikuwa zuri. Fundi aliingiza funguo, na likawaka mara ya kwanza. Alilizima haraka, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya pipa la oili kwa muda mrefu, uso ukutani. Mwalimu alimwacha.

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, mkwe alipiga simu. Mmoja wa wale wajawazito watatu, mke wa mwashi, alikuwa ameshikwa na uchungu. Fundi alishika usukani, Mwalimu akapanda kando yake. Gari lilipanda jiwe la kwanza kwa gia ndogo, likilalamika, kisha la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa mahali pake. La ishirini na saba fundi alilipita polepole kuliko mengine, na Mwalimu akatoa mkono dirishani, akaligusa.

Waliteremka na mama yule juu ya godoro, mkwe akimshika mabega. Walipofika hospitali wauguzi walikuwa wanasubiri mlangoni. Saa sita kasoro mama yule akajifungua mtoto wa kike mzima, aliyelia kwa hasira.

Walipotoka nje walikuta ilani imebandikwa kwenye kioo cha mbele. Mwalimu aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba gari lenye tairi za aina hiyo haliruhusiwi kupita barabara ya mlimani, kwa kuwa huharibu lami. Ilikuwa na mihuri mitatu. Aliikunja, akaiweka kwenye mkoba.

"Juu bado wapo wawili," alisema fundi.

"Najua."

Waliingia garini. Fundi hakuwasha. Mwalimu alikuwa anaangalia saa yake ya mkononi na kuhesabu kwa vidole, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

"Kushuka tumetumia dakika ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na binti yetu alikuwa juu ya mawe tangu alfajiri mpaka saa tano."

"Ndiyo."

"Angewahi," alisema Mwalimu.

"Angewahi," alisema fundi.

"Angewahi hata kunywa chai kwanza."