Hakimu Hali Peke Yake

Mteja alikuwa na kichwa kizuri, cha mviringo, ambacho kinyozi yeyote angefurahi kukishika, na Kinyozi alikiharibu. Alitaka kutupa jicho mara moja tu upande wa tangi. Mara moja tu! Mashine ikapanda kutoka nyuma ya sikio hadi karibu na utosi, ikaacha barabara nyeupe katikati ya nywele.

"Dada," mteja alisema taratibu, akijitazama kwenye kioo, "hii njia inaelekea wapi?"

Benchi la wanaosubiri likaangua kicheko. Mzee Nywele, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwa na unywele hata mmoja, alijipapasa kichwa kinachong'aa, akasema, "Karibu chamani, mwanangu. Huku kwetu hatujui hata kichana ni mnyama gani."

Kinyozi aliomba radhi, akakinyoa kichwa chote, akakipaka mafuta. Na hata alipokuwa akipaka, shingo yake ilikuwa imegeukia kule kule.

Kule, ukutani karibu na dirisha, kulikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda, na ndani yake chini ya gogo alilala samaki mwenye urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Alikuwa na mistari myeusi ubavuni, taya la chini lililotangulia mbele, na macho yaliyotazama juu bila kupepesa, kama mtu aliyeshinda kutwa akisikiliza uongo wa watu. Ndiyo maana akaitwa Hakimu.

Kinyozi hakuwa mwenye tangi, wala mwenye duka. Vyote vilikuwa vya kaka yake. Kaka alimlea Hakimu tangu akiwa mdogo kama kidole, na kwa miaka mingi Jumamosi jioni wateja walivuta benchi, redio ikapunguzwa sauti, Kaka akagonga kichana kwenye kifuniko cha tangi, ka-ka-ka, na watu wote wakaitikia kwa sauti moja, "Mahakama imekaa!" Hapo ndipo alipomwaga visamaki hai. Hakimu alitoka chini ya gogo kama mshale. Maji yalichafuka, watu wakapiga mayowe, na wengine, akiwemo Mzee Nywele, walikuja kwa ajili hiyo tu. Mtu asiye na nywele angefuata nini kwa kinyozi?

Kisha Kaka akapanda ngazi kutundika bango jipya la duka, ngazi ikateleza, mguu ukavunjika mahali pabaya. Akiwa kitandani hospitalini, amefungwa hadi kiunoni, alimwita mdogo wake.

"Kiti chukua. Mashine chukua. Ukiharibu vichwa vya watu vitaota tena," alimwambia. "Lakini Hakimu nimkute, mdogo wangu. Kila kitu kimenivunjikia. Huyo nimkute."

"Utamkuta, Kaka," alijibu, na tangu siku hiyo hakutulia.

Maana visamaki vya mwisho vilikuja na ugonjwa. Hakimu alitapakaa vipele vyeupe kama amenyunyiziwa chumvi, akawa anajisugua kwenye gogo na kuhema kwa shida. Kinyozi alimtia dawa, akapandisha joto la maji, akabadilisha maji mpaka mikono ikakunjamana. Samaki alipopona, muuza samaki wa mapambo alikuja kumwona, akatikisa kichwa.

"Huyu ameponea chupuchupu. Akiugua tena hatoki. Mwachishe hivyo vya hai, ndivyo vinavyomletea maradhi. Mzoeshe nyama ya samaki aliyekufa, na punje za chakula cha samaki cha dukani kidogo kidogo. Aone njaa kwanza, mkubwa kama huyu atavumilia hata wiki mbili. Lakini ukimpa kimoja tu cha hai kwa huruma, unaanza upya."

"Na nini kingine?"

"Utulivu. Asisumbuliwe."

Kinyozi alishika neno hilo kwa mikono miwili. Alifunika tangi kwa shuka la kunyolea, akaacha upenyo upande mmoja. Akapiga marufuku kelele, akafuta Mahakama. Kila asubuhi alitupa punje, zikaelea, zikavimba, zikazama, naye akazivua moja moja kwa kichungi cha chai. Alijaribu minofu. Alijaribu kamba aliyemenywa. Alifunga ukanda wa nyama kwa uzi kwenye mkia wa kichana kirefu, kwa kitanzi kilegevu ili nyama ichomoke uzi ubaki, akauchezesha mbele ya pua ya Hakimu. Hakimu aliutazama, akautazama, kisha akampa kisogo.

"Wifi, umekuwa kama mtu aliyekalia siafu," mke wa Kaka alimwambia nyumbani, alipomwona anainuka mezani kwa mara ya tatu. "Kula kwanza wewe, ndiyo umlazimishe mwenzio."

"Yeye hajala, wifi."

"Kwani mkishinda njaa wote wawili nani atawazika?"

Alicheka, lakini chakula hakikupita.

Jambo lililomtia wasiwasi zaidi ni kwamba Hakimu hakukonda. Siku zilikwenda, na tumbo lilikuwa vilevile, la duara, la mtu mwenye raha zake. Kinyozi alilichungulia asubuhi, mchana na jioni. Samaki gani ananenepa kwa kutazama? Halafu akaona, juu ya mchanga, gamba dogo linalometa kama fedha. Magamba ya Hakimu yalikuwa mapana, yasiyometa.

Mchana uliofuata alitoka kwenda kununua nyembe, akafika kona, moyo ukamrudisha. Alipoingia, alimkuta Mzee Nywele ameingiza kichwa chini ya shuka, mkononi ameshika chupa ya chai isiyo na kifuniko.

"Mzee!"

Kichwa kilitoka polepole. "Nilikuwa namjulia hali."

"Kwa chai?"

Mzee alitazama chupa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Ndani yake kisamaki kilizunguka, kikatafuta njia. "Mwanangu, ananiangalia. Nikikaa pale benchi ananiangalia. Nimekuja hapa miaka yote hiyo, na leo nimwache afe njaa mbele yangu? Nilisema kimoja tu. Kimoja tu kila siku, basi."

"Kila siku!"

Fundi wa redio wa mlango wa pili alikuwa amesikia sauti, akachungulia. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa maji. Aliupeleka nyuma ya mgongo, lakini mfuko ule ulikuwa unavuja.

"Na wewe Fundi?"

"Mimi ni Jumanne na Ijumaa tu," alisema Fundi.

Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja, mwenyewe, bila shuka. Hakujua acheke au alie. Jioni alipomsimulia wifi yake, wifi akawa anaisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wifi?"

"Si mara nyingi," wifi alisema. "Nikileta chakula chako mchana. Mume wangu akiniuliza kwa simu kama amekula, nisingeweza kumdanganya."

Basi kumbe hapakuwa na hata mmoja aliyemwacha Hakimu aone njaa. Walikuwa wakimpenda kwa zamu, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Kinyozi alikusanya chupa ya chai, mfuko na kopo ambalo wifi alibebea visamaki, akavipanga juu ya rafu kama vitu vilivyokamatwa na askari, akawaapisha wote mbele ya tangi. Waliapa. Mzee Nywele alifuta jicho.

Sasa njaa ikaja kweli. Tumbo la Hakimu likabonyea. Mistari ubavuni ikafifia. Lakini alipochezeshewa nyama kwenye uzi aliendelea kulala chini ya gogo, nyuma ya shuka, katika ule utulivu wote aliotengenezewa. Kinyozi alikuwa anasimama, anakaa, anasimama tena. Aliota samaki wamelala ubavu. Kaka alipiga simu, sauti imechangamka, akasema madaktari watamruhusu wiki ijayo.

"Hakimu vipi? Anakula?"

"Anakula," alisema, akakata simu upesi.

Ilikuwa Jumamosi jioni, duka limejaa, ndipo umeme ulipokatika. Mashine ilinyamaza katikati ya kichwa cha mtu. Feni ikasimama. Ndani kukawa kiza, nuru ikabaki upande wa dirisha.

"Sasa mimi nitakwenda harusini nusu?" alilalamika mwenye kichwa.

"Sogeza kiti dirishani," Kinyozi alisema, "nitamalizia kwa mkasi."

Kiti kikasogezwa. Benchi zima nalo likasogea, kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki gizani, na watu wakabanana karibu na tangi wakibishana umeme utarudi saa ngapi. Fundi alikuja kuulizwa kama ni yeye aliyeukata. Kinyozi alihitaji nuru zaidi, akavuta shuka kutoka kwenye tangi. Akahitaji pa kuweka kichana, akakigonga kwenye kifuniko kukung'uta nywele. Ka-ka-ka.

Hakimu alitoka chini ya gogo.

Alipanda hadi karibu na uso wa maji, mapezi yamefunguka, mistari imekolea, macho yakienda kutoka uso huu hadi uso ule. Watu wakanyamaza, naye akaanza kurudi nyuma. Kinyozi aliona. Mkasi ukabaki hewani.

"Msinyamaze!" alipaza sauti. "Mzee, sema kitu! Pigeni kelele!"

"Kelele gani?" Mzee Nywele aliuliza. Kisha naye akaelewa, uso ukamng'aa kama utosi. "Mahakama?"

"Ndiyo, Mzee! Mahakama!"

Alikimbilia friji, akafunga ukanda wa nyama kwenye uzi wa kichana. Mteja mwenye nusu kichwa aliinuka na shuka lake shingoni kuwapisha. Kinyozi akagonga tena, na duka zima, pamoja na wapita njia wawili waliosimama mlangoni bila kujua kuna nini, likaitikia, "Mahakama imekaa!"

Nyama iliingia majini, ikayumba, ikakimbia, ikasita. Hakimu alirusha mwili. Akaikamata, uzi ukabaki mtupu. Akaitema.

"Aaah!" benchi likasikitika.

"Msiache, msiache!"

Nyama ilianza kuzama. Kelele zikapanda, mtu akapiga miluzi, na kabla haijagusa mchanga Hakimu aliigeukia, akaimeza, akabaki anatafuna hewa kama shahidi aliyebanwa na swali. Visamaki hai vilimvuta kwa kukimbia, lakini nyama hii ilihitaji watu; kumbe utulivu ule ndio uliokuwa unamnyima hamu. Huyu hakuwahi kula peke yake maishani mwake.

Tangu jioni ile waliketi Mahakama kila siku. Ndani ya ukanda wa nyama Kinyozi alificha punje moja, kisha punje kadhaa, nyama ikawa inapungua na punje zinazidi. Siku nyingine Hakimu alitema zote, na Kinyozi akarudi nyumbani bila kusikia anachoambiwa. Siku nyingine alikula. Walikuwa hapo, katikati ya kutema na kumeza, teksi iliposimama nje na Kaka akashuka kwa magongo, mke wake nyuma yake akimwashiria Kinyozi kwa macho makubwa jambo ambalo hakulielewa.

Kisha akaona. Kwenye gongo la kulia ulining'inia mfuko wa nailoni, umejaa maji na visamaki.

"Yuko wapi mwanangu?" Kaka alisema akicheka. "Nimemletea karamu!"

Duka zima likainuka. Fundi akazuia mlango kwa mikono yote miwili. Mzee Nywele akaunyakua mfuko, akauficha chini ya koti kwa ustadi wa mtu mzoefu.

"Kulikoni? Amekufa?" Kaka aliuliza.

"Hajafa. Lakini vya hai vitamuua," Kinyozi alisema haraka haraka. "Vilimtia maradhi, Kaka, nilikuficha. Na uliponiuliza kama anakula, alikuwa hali. Njoo. Mpe wewe. Shika kichana."

Kaka aliegemea tangi, akapapasa kioo. Mkono wake ulikuwa umekonda. Akagonga, wakaitikia, na punje ikaning'inia ndani ya kipande chembamba cha nyama. Hakimu alikuja. Alimtazama Kaka muda mrefu. Alikamata, akatema, akakamata tena, akameza.

Kaka alimvuta mdogo wake kichwa, akakilaza begani, gongo likaanguka.

"Na hivi visamaki?" Mzee Nywele aliuliza, koti limemvimba. "Vinanilowesha."

Walivitia kwenye kopo kubwa, wakaliweka juu ya rafu ya mbali kabisa, nyuma ya mafuta ya nywele, ambako Hakimu asingeweza kuviona. Kinyozi alirudi kwenye kiti, akawasha mashine, akashika kichwa cha mteja anayefuata.

Kisha akatupa jicho. Hakimu alikuwa ametoka chini ya gogo, ametulia tuli, uso ameuelekeza kwenye rafu.