Nusu ya Meneja

Meneja alifia mlangoni, kichwa nje na mkia ndani, kama mfanyakazi aliyekuwa anatoka kazini akakumbuka kitu alichosahau. Mzee Kufuli alimkuta hivyo asubuhi. Akamwita kwa jina, akamwita kwa yale matusi waliyozoeana, kisha akakaa kizingitini kando yake na kumshika sikio, ambalo lilikuwa limeshapoa.

Meneja alikuwa mbwa. Jina hilo alipewa kwa makusudi mazima. Mzee Kufuli alikuwa mlinzi wa ghala la matairi tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na wakubwa wote waliopita pale walimjua kama mkono wa kufungulia geti, basi. Alipookota kitoto cha mbwa mtaroni akakipandisha cheo siku hiyo hiyo. Gari la bosi likiingia, utamsikia anafoka, "Meneja, kaa chini! Meneja, acha kujikuna mbele za watu!" Wapakizi wanacheka mpaka matairi yanawaponyoka. Bosi hacheki, lakini angesema nini? Mtu anaongea na mbwa wake.

Walipomwambia mzee apumzike, walimfukuza na Meneja pia, na hakuna aliyewapa hata asante ya kugawana.

Alimzika nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, kwa koleo la kuazima. Mwenye koleo, jirani yake fundi cherehani, alisimama pembeni na futi yake shingoni.

"Pole, mzee mwenzangu. Lakini tusidanganyane, alikuwa ameshakula chumvi ya kutosha. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili lilisikia," alisema Mzee Kufuli bila kuinua uso. "Lilisikia dawa vizuri sana. Dawa ndiyo iliyomuua."

Fundi akataka kucheka. Akaona si mahali pake, akashika koleo akasaidia kufukia.

Mambo yalianzia kwenye nyonga. Meneja alikuwa akiamka kama kitanda kibovu, kila kiungo kikilia kwa zamu yake, na ngazi mbili za barazani zikawa mlima. Mzee alimpeleka ofisi ya mifugo. Daktari, kijana mwenye miwani na haraka, akambonyeza huku na huku, akasema, "Baridi yabisi. Ni umri, mzee." Akatoa bahasha ya vidonge. Kimoja kila siku.

Neno hilo, umri, lilimwingia Mzee Kufuli kama mwiba wa samaki. Ndilo waliloambiwa hospitali wakati mkewe anaumwa. Wakamlaza, wakamtundikia maji, wakapita na kupitiliza. Na alipokata roho, mkubwa wao mmoja akaja kusema ni umri. Umri gani? Mwanamke ambaye wiki ile ile alikuwa sokoni akimgombeza muuza vitunguu mpaka mwanamume wa watu akapunguza bei mwenyewe! Siku hiyo mzee alijua kwamba wenye makoti meupe wana neno moja la kufunikia sufuria zao zote.

Hata hivyo dawa ilianza vizuri, hilo hakulikana. Meneja alipanda ngazi. Akamfukuza paka wa fundi cherehani, kwa heshima tu, hatua chache. Halafu akaanza kutapika. Choo chake kikawa cheusi kama lami. Akaacha kula, akawa anakitazama chakula kama mtu anayetazama picha ya nyumbani. Na mzee akaendelea kumpa kidonge, kwa sababu aliambiwa kila siku.

Hilo ndilo lililomkaba sasa. Mkono uliompa ni wake. Alitaka mmoja wao, mmoja tu, aseme kwa kinywa chake: ni dawa yetu. Akisema hivyo, mkono wa mzee utakuwa umetumwa tu.

Binti yake, msusi, alifunga saluni akamsindikiza ofisi ya mifugo.

"Baba, twende tukaulize kwa upole."

"Mimi nitauliza kwa upole. Wao ndio watajibu kwa ukali."

Walikaa kwenye benchi pamoja na mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu, kuku anayewatazama watu kama vile yeye ndiye atakayewatibu. Zamu ilipofika, daktari aliinua miwani.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko chini ya udongo. Nimekuja kuuliza ni nani aliyempeleka."

"Baba!" binti akanong'ona.

Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza alivyokuwa kabla ya kufa, na mzee akamweleza yote, matapishi, lami, chakula kisicholiwa. Kijana akawa anasikiliza sasa. Haraka yake ilikuwa imemtoka.

"Ulikuwa unampa akiwa ameshakula?"

"Nilikuwa nampa asubuhi, kabla ya chochote. Kwani uliniambia vingine?"

"Huwa tunasema dawa hii itolewe baada ya chakula. Na choo kikiwa cheusi, mtu aache dawa, arudi."

"Huwa mnasema. Sikuulizi mnavyosemaga. Mimi, uliniambia?"

Daktari akafunua daftari lake, akalifunga. "Sikumbuki, mzee wangu. Siku ile tulikuwa na watu wengi."

"Umesikia, mama?" Mzee alimgeukia binti yake kwa furaha chungu. "Hakumbuki! Mbwa wa watu amekufa, yeye hakumbuki!"

"Na kidonge alikuwa anakimeza vizuri? Hakitemi?" daktari akauliza.

"Ateme nini na mimi nimeshameza?"

Daktari na binti wakatazamana.

"Umemeza nini, baba?" binti akauliza taratibu.

Ikabidi aeleze, na kwake halikuwa jambo la kuelezwa. Wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Kwa hiyo mbwa wa lindo hufundishwa tangu mdogo: usile kitu mpaka bwana wako akile kwanza mbele yako. Meneja alilishika somo hilo kuliko watoto wa shule. Hata kidonge, hakikufichika kwenye mkate wala kwenye supu. Alikaa chini akisubiri, akilitazama koo la bwana wake likipanda na kushuka. Ndiyo maana kila asubuhi mzee alikikata kwa meno. Nusu yake, nusu ya Meneja.

"Umekuwa unakula dawa ya mbwa!" Binti alishika kichwa.

"Na magoti yangu yalipoa," mzee alikiri, akiwa bado haoni kosa liko wapi. "Ila tumbo ndilo linawaka. Linawaka kama lake. Huo si ushahidi? Tulikula sahani moja."

Daktari hakucheka. Mzee alitamani acheke ili apate wa kumpiga.

"Basi alikuwa anapata nusu," daktari alisema, kama anayejisemea. "Nusu ni ndogo kwa mbwa wa mwili ule."

"Maana yake nini? Haikumuua?"

"Inawezekana ilimuua. Mbwa wazee wengine hata kidogo huwatoboa tumbo. Inawezekana pia alikuwa na ugonjwa mwingine ndani ambao hatukuuona. Na inawezekana muda wote huo alikuwa bado na maumivu, maana dawa haikutosha. Ningempasua ningejua. Sasa ameshazikwa."

"Kwa hiyo ni ipi?"

"Sijui, mzee."

Alikuwa amejiandaa kwa umri. Neno la umri angelipiga teke. Hilo la sijui halikuwa na mahali pa kupigia. Alisimama. Alikuja na swali moja, anaondoka na mawili: kama alimpa sumu, au kama alimnyang'anya nusu ya nafuu yake. Na kwa yote mawili, mkono ni ule ule.

"Nenda hospitali leo, tafadhali," daktari alimwambia binti. "Tumbo la mzee lisichezewe."

Hospitali ilikuwa ile ile alikofia mkewe. Mzee alikaa mbele ya tabibu. Binti ndiye aliyesema, na tabibu akakohoa ili asicheke. Wakapewa vidonge vyeupe vya kutafuna.

Jioni binti alimpikia uji, akaviweka vidonge kando ya bakuli. Mzee alikaa barazani akitazama ngazi mbili.

"Kunywa dawa, baba."

"Wametoa kina nani?"

"Unajua."

"Basi sinywi. Mama yako alikunywa zao. Meneja alikunywa zao."

"Na wewe ulikunywa za Meneja bila kuulizwa!" Sauti ilimpasuka. Akafuta uso kwa kiganja chenye harufu ya mafuta ya nywele. Kisha akachukua kidonge kimoja, akakikata kwa meno katikati, akakaa chini kwenye ngazi, mbele yake kabisa, na kuanza kutafuna.

"Tema," mzee alisema. Akanyanyuka nusu, magoti yakamrudisha. "Mama, tema! Kuonja si kujua! Mimi nilionja kila siku, nilijua nini?"

"Nikitema, na wewe utatema."

Akameza. Mzee aliona koo la binti yake likipanda na kushuka. Binti alinyoosha mkono, na juu ya kiganja ile nusu iliyobaki, yenye alama za meno.

Hakuiamini. Alimtazama usoni kitambo, akainamisha kichwa, akafungua kinywa.