Nyasi za Kaburi la Harlan

Ndugu yangu Harlan alichagua kuzikwa katika makaburi ya zamani ya kanisa letu kwa sababu moja: ndiyo ekari pekee huku kwetu Iowa niijuayo ambayo jembe halijawahi kuigusa. Kote kuzunguka ni mahindi. Pale, nyasi za asili humpita mtu kimo ikifika Septemba. Kabla hajafa alinishika mkono. "Choma kila Aprili, Orville. Usikate." Nikaapa.

Mwaka wa kwanza nilichoma. Mwaka wa pili, tukila pai baada ya ibada, mzee mmoja akaniuliza, "Ndugu yako ulimzika au ulimtupa porini?" Wakacheka wote. Nilipandwa na mori, na mpumbavu akipandwa na mori hutafuta mashine.

Septemba akaja Lavonne, mjane wa Harlan, na mifuko yake ya karatasi. Huvuna mbegu kwa mkono. Safari hii alikuwa ameacha kulima shamba zima la nyuma ya nyumba ili alirudishie nyasi hizo, kama walivyopanga na mumewe. Mbegu alizitegemea za hapa tu.

Alisimama langoni, akatazama kijani kifupi kilicholala sawasawa.

"Ni ukame," nikasema.

"Ukame wenye alama za magurudumu, Shemeji?"

Nikainamisha kichwa. "Watu walikuwa wanasema."

"Watu husema. Wewe ndiye uliyeapa." Kisha akashusha pumzi. "Haya, yamepita. Harlan angekutukana, halafu angekumiminia kahawa. Kukata si kuua. Mizizi ya nyasi hizi inashuka chini kuliko jeneza lake. Ziache tu, mwakani zitasimama."

Akanipiga bega. Ni heri angenizaba kofi. Ningeweza kunyamaza pale pale, akaondoka amenisamehe, akarudi na mifuko yake mwakani, na mwaka wa pili, akingoja.

"Lavonne, sikukata tu. Nilinyunyiza dawa ya kuua nyasi kwanza. Mara mbili. Hizi ni nyasi za bustani, nilinunua mbegu dukani."

Alipiga magoti kando ya jiwe la Harlan, akaingiza vidole chini ya kile kijani, akavuta. Kikainuka kirahisi kama mkeka. Akakirudisha, akakilaza vizuri kwa kiganja, kisha akaanza kukunja mifuko yake, mmoja mmoja, yote ishirini.